Usingoje Hema Lisimamishwe: Jinsi ya kushiriki vikao vya maoni vya Kaunti ya Garissa

Tangazo huwa limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya chifu, au limetupwa katika kundi la WhatsApp la wadi likiwa picha yenye ukungu. Nembo ya kaunti juu, muhuri chini, na katikati sentensi ndefu ya Kiingereza inayowaalika wananchi wote kutoa maoni kuhusu makadirio ya bajeti. Ukitafuta tarehe, ni kesho kutwa saa tatu asubuhi. Ukitafuta waraka wenyewe unaotakiwa kujadiliwa, huuoni. Kesho kutwa inafika, hema linasimamishwa saa nne, viti vya plastiki vinapangwa: wazee mbele, vijana pembeni, akina mama nyuma kabisa. Afisa anasoma tarakimu, mkalimani anahangaika kuzigeuza Kisomali, watu watano wanasimama kuomba maji, barabara na basari, dua inasomwa, soda zinagawanywa, karatasi ya mahudhurio inatiwa sahihi. Adhuhuri ikiadhiniwa, kaunti tayari ina ushahidi kwamba wananchi wameshirikishwa.

Nimeketi kwenye viti hivyo mara nyingi, na kilichoniuma kila mara ni kile kile: yule mama aliyezungumza vizuri kuliko wote alikuwa amechelewa kwa miezi minane. Alichokuwa akiomba mwezi wa Mei kilikuwa kimeshaamuliwa tangu Septemba iliyopita, katika waraka ambao hakuna aliyemwambia kuwa upo.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtu kama huyo, awe anaishi Waberi au Galbet mjini, au Hulugho, Liboi, Balambala na Modogashe. Kaunti ya Garissa ina maeneo bunge sita na wadi 30, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353. Hakuna hema litakalowatosha wote hao. Lakini karatasi moja iliyoandikwa sawasawa na kufikishwa mapema inaweza kufika mahali ambapo makofi ya watu mia tatu hayafiki.

Unachodai ni haki

Tuanze na sheria, kwa ufupi, kwa sababu utaihitaji mtu akikuambia kwamba umefanyiwa hisani kualikwa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 10, inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 196 kinalilazimu bunge la kaunti kuendesha shughuli zake hadharani na kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria, na hakiliruhusu kuwafungia nje wananchi wala wanahabari isipokuwa pale ambapo Spika ameamua kuwa kuna sababu za kipekee. Kifungu cha 201 kinataka uwazi na ushiriki katika mambo ya fedha za umma. Halafu kuna Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, ambayo kifungu chake cha 87 kinasema wananchi wapewe taarifa na nyaraka kwa wakati ufaao, na kwamba maslahi ya walio wachache na waliotengwa yalindwe.

Neno "kwa wakati ufaao" ndilo la kushikilia. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, ile iliyoweka ada na tozo mpya, kwa sababu wananchi hawakuwa wameshirikishwa inavyostahili. Jaji alieleza kwamba kaunti haitimizi wajibu wake kwa kutoa tangazo tu na kukaa kungoja watu. Inapaswa kuwafuata wananchi walipo, makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na kwenye redio zinazozungumza lugha zao. Kesi hiyo ilizaliwa Kiambu, lakini mwenye duka katika soko la Suuq Mugdi anayepandishiwa ada ya leseni anaweza kuitaja bila kigugumizi.

Kalenda ya bajeti na kalenda ya mvua

Hapa ndipo wengi wetu tunapopoteza mchezo. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imepanga hatua zake kwa tarehe. Kufikia 30 Agosti, waziri wa fedha wa kaunti hutoa waraka wa maelekezo unaoonyesha ratiba nzima ya bajeti ijayo, pamoja na jinsi wananchi watakavyoshirikishwa. Kufikia 1 Septemba, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa bungeni. Kufikia 28 Februari, unafuata Waraka wa Mkakati wa Fedha, unaoweka kiwango cha juu cha pesa kwa kila idara. Makadirio yenyewe ya bajeti hufika bungeni kufikia 30 Aprili, na kufikia 30 Juni bajeti inatakiwa iwe imepita. Mswada wa Fedha, ule wa ada na kodi za kaunti, una siku 90 baada ya hapo.

Sasa tazama hema husimamishwa lini. Mara nyingi ni Mei, wakati wa makadirio. Mei ni mwisho wa safari. Mpango wa Septemba ndio unaotaja miradi. Mradi ambao haumo humo huingia kwenye bajeti kwa tabu sana. Na mkakati wa Februari ndipo ngamia anapokatwa mapande: afya wachukue kiasi hiki, maji kiasi hiki, mifugo kiasi hiki. Ukija Mei kuomba kisima, unaikuta idara ya maji imeshapewa paja lake, na ili uongezewe wewe lazima mwingine apunguziwe. Kwa hiyo kama una nguvu ya kuhudhuria kikao kimoja tu kwa mwaka, na ukaniuliza nikushauri kipi, nitakuambia achana na kile cha hema la Mei, uende unapoandaliwa mpango wa mwaka.

Ila tarehe hizi zilipangwa na watu wasioishi kwa kufuata malisho. Februari ni katikati ya kiangazi cha jilaal, wakati wafugaji wa Lagdera na Fafi wako mbali na vijiji wakifuata maji, na waliobaki nyumbani ni wazee, wagonjwa na watoto wa shule. Mwishoni mwa Aprili ni mvua za gu. Barabara za kuelekea Ijara na Hulugho hugeuka tope zito jeusi, na kikao kilichopangwa kufanyika Masalani kinaweza kukosa hata afisa wa kukiendesha. Ramadhani nayo huzunguka: mwaka 2025 mfungo ulianza siku chache tu baada ya makataa ya 28 Februari, na kila mwaka mwezi unarudi nyuma kwa siku kumi hivi. Afisa anayeitisha kikao saa saba mchana katika mwezi wa Ramadhani, kwenye joto la Garissa, anajua vizuri watakuja wangapi.

Kwa hiyo fanya hesabu zako. Jamii inayohama ikubaliane mapema, mifugo ikiwa bado karibu baada ya mvua za deyr, ni mambo gani mawili au matatu wanayoyataka, na ni nani atakayebaki na karatasi. Aliyebaki na karatasi asiwe mwakilishi wa wadi. Yeye ana kazi yake bungeni, na huko ana mashinikizo yake.

Kupata nyaraka

Huwezi kutoa maoni kuhusu kitu ambacho hujakisoma. Nyaraka zinazotajwa hapa zinapaswa kupatikana kwa umma: ofisi ya msimamizi wa wadi, ofisi ya msimamizi wa kaunti ndogo, idara ya fedha na mipango mjini Garissa, na ofisi ya karani wa bunge la kaunti. Anza na mpango mkubwa wa miaka mitano, ule ambao kila mtu anauita CIDP; unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027. Usiusome wote. Fungua kwenye orodha ya miradi, tafuta jina la wadi yako, kisha jina la kijiji au bula yako. Dakika kumi zinatosha.

Ukinyimwa, andika ombi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, bila kueleza sababu ya kutaka habari hiyo. Ofisi ina siku 21 za kukujibu, na haipaswi kukutoza chochote zaidi ya gharama ya kutoa nakala. Asiyejua kuandika anaweza kusema ombi lake kwa mdomo, na afisa anayehusika anatakiwa aliandike. Wakikaa kimya au wakikataa, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ombudsman. Uzoefu wangu ni kwamba ombi lililotaja sheria kwa jina na mwaka hujibiwa haraka kuliko lile linaloanza na "tunaomba msaada wako, mheshimiwa".

Jambo jingine la kupambanua kabla hujafungua mdomo: hilo unalotaka ni la kaunti kweli? Zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, maji, soko, majosho na chanjo za mifugo, barabara za ndani, taka, machinjio: hayo ni ya kaunti. Shule za msingi na za upili, polisi, vitambulisho na barabara kuu ya kwenda Nairobi: hayo ni ya serikali ya kitaifa. Nimeona kikao cha saa tatu kikiliwa na malalamiko ya vitambulisho. Yalikuwa malalamiko ya haki, hakuna ubishi, kwa kuwa watu wa huku walipitishwa kwenye msasa wa ziada kwa miongo mingi, hadi Rais alipoagiza mjini Wajir, Februari 2025, kwamba utaratibu huo uondolewe. Lakini maafisa waliokuwa mbele yetu walikuwa wa kaunti. Walitikisa vichwa kwa huruma, wakashukuru, na bajeti ya maji ikapita bila swali hata moja.

Kuandika maoni yenye meno

"Tunaomba maji" ni kilio, na kilio hakina mahali pa kuingizwa katika jedwali la bajeti. Maoni yanayobadilisha kitu hutaja mahali, ukurasa, kiasi na pendekezo. Chukua mfano huu, ambao nimeubuni:

"Sisi wakazi wa kijiji hiki tumesoma Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ukurasa wa 47. Kaunti imepanga kuchimba kisima kipya kilomita tatu kutoka kijijini. Eneo hilo lilichimbwa zamani na maji yakawa ya chumvi. Kisima cha sasa kina maji matamu, ila pampu imekufa tangu jilaal iliyopita na tunategemea lori la maji. Tunapendekeza pesa hizo zitumike kununua pampu na paneli za sola kwa kisima kilichopo, na zitakazobaki zijenge birika la mifugo. Tumeambatisha picha mbili, na sahihi na alama za vidole gumba za watu 63."

Ona kilichofanyika hapo. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyesifiwa, na pesa iliyoombwa ni ile ile iliyokwisha kutengwa. Afisa wa mipango anayeisoma ana kitu cha kufanya Jumatatu asubuhi. Na ile habari ya chumvi hakuna mwingine angeweza kuileta isipokuwa wenyeji. Chini ya Dadaab na Liboi kuna hifadhi kubwa ya maji inayoitwa Merti, ndiyo inayozinywesha hata kambi za wakimbizi. Ukitoka nje ya mkanda wake maji huwa magadi. Wafugaji wanaujua mpaka huo kwa ulimi. Mhandisi aliyekuja kwa gari asubuhi na kurudi jioni huenda asiujue.

Ukiwa na muda, ongeza maswali mawili matatu ya jumla, maana haya huwatoa maafisa jasho. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Mwaka jana ni asilimia ngapi zilizotumika hasa, ukiacha zilizopangwa? Kanuni zimeweka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Ya kwetu ni ngapi? Mradi huu ulioandikwa "mpya" ni mpya kweli, au ni deni la mkandarasi la miaka mitatu iliyopita lililovikwa koti jipya?

Chapisha nakala mbili. Moja waachie ofisi ya karani wa bunge, ya pili waigonge muhuri wa kupokea pamoja na tarehe, urudi nayo. Ipige picha kwa simu papo hapo. Mtu asikwambie maoni ya maandishi hayana maana kwa kuwa kikao kinakuja. Kamati ya bunge inatakiwa kuyazingatia yote mawili, na karatasi haisahauliki garini wakati wa kurudi mjini.

Siku yenyewe

Fika mapema, kaa mahali mwandishi wa kumbukumbu anapokuona. Ukipewa nafasi, taja jina lako, mahali unapotoka na ukurasa unaouzungumzia, kisha sema jambo moja. Ukisema matano, litaandikwa la kwanza tu. Mwombe mwandishi akusomee alichoandika. Haichukui hata nusu dakika, na mara nyingi utakuta "apewe maji" mahali ulipozungumzia pampu.

Lugha ni haki yako pia. Kifungu cha 7 cha Katiba kinafanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kinaitaka serikali kuziendeleza lugha za jamii. Ikiwa wasemaji wengi wa kikao ni wa Kisomali, mkalimani awe anayejua pia maneno ya bajeti. Kabla ya kikao kuanza, simama uombe kwamba tarakimu zielezwe polepole na kwa lugha inayoeleweka, na ombi lako liandikwe kwenye kumbukumbu. Asiyesikia ana haki ya mkalimani wa ishara. Mwenye kiti cha magurudumu naye ana haki ya mahali pa kufikika, na anayejua mchanga wa Garissa anajua kwamba hema kwenye uwanja wa mchanga halifikiki.

Kuhusu akina mama nitasema waziwazi. Katika vikao vingi wao ndio wengi na ndio wanaosema kidogo. Mwanamke anayechota maji anajua bomba lilikauka siku gani, lakini anayesimama ni mzee wa ukoo, na mzee akishamaliza, ni nani atakayempinga hadharani? Hilo lina dawa, na imewahi kutumika kwetu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipoanza kuzunguka nchi mwaka 2011, ilianzia vikao vyake vya hadhara hapa Garissa, na kwa wanawake ilitenga vikao vyao peke yao, mbali na masikio ya wanaume. Kaunti haina kizuizi cha kufanya vivyo hivyo: saa moja ya wanawake pekee, na afisa wa kike anayeandika. Ombeni hivyo kwa barua wiki moja kabla. Wamunyoyaya na Wamalakote wa kando ya Tana, na Waboni wa upande wa Ijara na Hulugho, nao wasikubali kusemewa kila mara na majirani walio wengi. Kifungu cha 87 nilichokitaja kiliandikwa kwa ajili yao.

Na kuhusu ukimya wa wazee, vijana msiwahukumu haraka. Mwishoni mwa 1962 tume ya watu wawili iliyoundwa na Uingereza ilizunguka eneo letu la kaskazini, wakati huo likiitwa NFD, ikawauliza watu hadharani wanataka nini kuhusu mustakabali wao. Walio wengi walijibu kwamba wanataka kujiunga na Somalia. Machi 1963 ikatangazwa kwamba eneo litabaki Kenya kama mkoa wa saba. Mtu awe na maoni yoyote kuhusu uamuzi huo, kilichobaki kwenye kumbukumbu za familia ni kwamba tuliulizwa, tukajibu, jibu likawekwa kando. Kisha Novemba 1980, baada ya mauaji ya maafisa wa serikali mjini, bula ya Kartasi ilichomwa na watu wakakusanywa kwenye uwanja wa shule ya msingi ya Garissa, wakakaa siku kadhaa bila chakula wala maji. Mzee aliyekuwa pale, ukimwambia leo kwamba serikali inawaita watu uwanjani, moyo wake unasikia kitu kingine kabisa. Mtembelee nyumbani, mwandikie anachosema, mletee asome au asomewe, aweke kidole gumba. Maoni yake yatakuwa yamefika bila yeye kukanyaga uwanja.

Neno dogo kuhusu nauli na chai. Mtu aliyesafiri kutoka Damajale kurudishiwa nauli si hongo. Lakini uliza orodha ya waliosafirishwa iliandikwa na nani. Watu waliopakiwa kwenye lori moja na mwanasiasa huwa na maoni yanayofanana ajabu.

Baada ya hema kukunjwa

Makadirio yakifika bungeni, kamati ya bajeti huyapitia na kuandika ripoti. Nenda siku ripoti inapojadiliwa, keti kwenye roshani ya wageni, usikilize. Ukikuta kwamba maoni yenu hayakutajwa hata kwa kukataliwa, andika kwa karani ukiuliza kwa nini, na uambatishe ile nakala yenye muhuri. Mnaweza pia kuwasilisha ombi rasmi la wananchi. Kifungu cha 88 cha ile Sheria ya Serikali za Kaunti kinawapa haki hiyo, na cha 89 kinailazimu kaunti kujibu bila kuchelewa.

Kuna mlango mwingine ambao watu hawaujui: Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti. Mwenyekiti wake ni gavana, wanaketi humo mawaziri wake, na idadi iliyo sawa na hao ya watu wasio maafisa wa kaunti, wanaowakilisha wafanyabiashara, wataalamu, wafanyakazi, wanawake, wazee, watu wenye ulemavu na makundi ya dini. Uliza majina ya wanaokuwakilisha. Mkilipata jina la mwakilishi wa wafanyabiashara, wachuuzi wa soko la mifugo wanaweza kumwita wakae naye chini ya mti kabla Februari haijafika, wamwambie habari za ushuru wa soko na choo kisichokuwa na maji.

Vikao vya ardhi na mazingira vina kanuni zao, na huko sauti ya mwananchi ni nzito zaidi. Ardhi nyingi ya Garissa ni ya jamii. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, mwekezaji anayetaka ardhi ya jamii iliyosajiliwa lazima apate kibali cha theluthi mbili ya mkutano wa jamii, yaani watu wazima wote wa jamii hiyo, wanawake wakiwemo. Sahihi za wazee watano hotelini Nairobi hazitoshi. Wakazi wa kando ya Tana wanaopigania malka, zile njia za mifugo kushukia mtoni ambazo mashamba yameziziba, wapeleke hoja hiyo wakati mpango wa matumizi ya ardhi unapoandaliwa, na waipeleke ikiwa imechorwa kwenye ramani.

Kwa miradi mikubwa, tathmini ya athari kwa mazingira hutangazwa na watu hupewa muda wa kuisoma na kutoa maoni. Majirani zetu wa Lamu walionyesha inavyofanyika. Walipinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wakisema mikutano iliyofanywa haikuwapa nafasi ya kuijua ripoti yenyewe ya athari, na tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Rufani za Mazingira ikafuta leseni ya mradi huo, ushiriki duni wa wananchi ukiwa sababu mojawapo kubwa. Waliyoyaleta mbele ya mahakama yalikuwa tarehe za mikutano, kumbukumbu zake, na kilichosemwa au kutosemwa siku hiyo.

Ndiyo sababu nasisitiza daftari. Daftari moja la kijiji, lililotunzwa na mtu mmoja anayeaminika, mwalimu wa duksi (chuo cha Kurani) au mama wa kikundi cha akiba: kikao kilikuwa lini, tangazo lilitoka siku ngapi kabla, nani alizungumza, afisa aliahidi nini. Septemba ikiingia, huyo mwenye daftari achukue ile nakala yenye muhuri, aende kwa msimamizi wa wadi, aombe mpango mpya wa mwaka, afungue orodha ya miradi na kutafuta jina la kisima chenu. Lisipokuwemo, barua ya pili iandikwe wiki hiyo hiyo, kabla watu hawajatawanyika kufuata deyr.